Shahidi wa Shamba Sitini na Moja

Kwa mara ya nne asubuhi ile, kisanduku kilimwambia Shaame Kombo arudie maneno yake.

"Samahani, shahidi. Sauti haikueleweka. Tafadhali rudia."

Shaame alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti. Mkono mmoja umekamata fungu la jani la kijani linaloteleza kama kamasi, mkono wa pili umekibana kile kisanduku kilichoning'inia shingoni mwake kama hirizi ya mtoto mchanga. Maji yalikuwa ya bamvua, yametoka mpaka mwambani, na jua lilikuwa linapiga utosi.

"Nimeshika kwa mkono wangu," alisema, neno moja moja, kama anayemsemesha kiziwi mwenye kiburi. "Na-thi-bi-ti-sha."

"Asante. Ushahidi umepokelewa."

"Umepokelewa na nani?"

Kisanduku kilinyamaza. Miezi minane sasa Shaame anakiuliza swali hilo, na miezi minane kinanyamaza. Wakubwa ndivyo walivyo, hata wakitengeneza mashine huitia tabia zao.

Chini ya maji, kaa alisogea. Alikuwa kaa wa chuma, mpana kama sinia la wali wa watu sita, miguu minane, mgongo umeshaota chokaa. Idara ya Wageni wa Bahari ilikuwa na kaa mia mbili katika pwani ya Ukwajuni peke yake, na kazi yao ilikuwa kutembea chini na kuonja maji. Kila mmea wa baharini hupukutisha vijipande, kama ngozi ya binadamu inavyopukutika, na kaa akionja kijipande kimoja tu hujua mmea gani umelala wapi. Waliyekuwa wakimtafuta ni huyu wa kijani. Kwenye makaratasi ya Idara aliitwa Mgeni wa Kumi na Nne. Watu wa Ukwajuni walimwita shuka, maana alitanda juu ya majani ya bahari akayafunika gubigubi mpaka yakafa, na yakishakufa, pweza anahama, chaza anahama, na vifaranga vya changu havina pa kujificha.

Kaa anaweza kulifyeka shuka lenyewe kwa dakika moja. Lakini haruhusiwi. Miaka mitatu nyuma, kaa wa Idara waliingia ghuba moja huko kusini wakafyeka majani ya asili kwa siku mbili, ghuba nzima ikabaki kipara, kwa sababu mtu ofisini aliingiza orodha kichwa chini miguu juu. Watu wakapiga kelele, wakubwa wakaogopa, ikatungwa sheria: kaa hakati kitu mpaka binadamu wa pale pale aingie majini, aushike mmea kwa mkono wake na aseme. Neno la shahidi likawekwa juu ya neno la mashine. Na shahidi asiwe na shamba la mwani, asije akajipendelea.

Ukwajuni kila nyumba ina shamba la mwani. Kufunga mwani ni kazi ya wanawake, na nyumba isiyo na mwanamke ilikuwa moja tu, ya Shaame. Mkewe, Mize, alikufa mwaka wa saba huu. Ndivyo alivyopata cheo chake: kwa kufiwa.

Basi akangoja kaa akate, aende zake kwa shuka jingine. Kaa hakukata. Aliinua miguu miwili ya mbele akawasha taa ya njano, ambayo Shaame hajawahi kuiona.

"Mfumo umeongezewa uwezo," kisanduku kilisema. "Nasaba ya Mgeni wa Kumi na Nne imesomwa. Chanzo kinachokisiwa: shamba namba sitini na moja. Mashamba yenye ukoo huo: mia mbili na kumi na mawili. Shahidi, thibitisha chanzo. Ukithibitisha, mashamba yote ya ukoo huo yatasafishwa. Jibu ndiyo au hapana kabla ya kesho maji kujaa."

Shaame aliliachia lile jani. Lilizama taratibu mbele ya miguu yake.

Mashamba mia mbili na kumi na mawili ndiyo mashamba yote ya Ukwajuni.

Na shamba namba sitini na moja lilikuwa la Mize.

*

"Shemeji, umekula ndimu?" Bi Time alimpokea. "Mbona uso umejikunja hivyo?"

Bi Time Faki alikuwa mdogo wake Mize, na alikuwa mwenyekiti wa wafunga mwani, ingawa hakuna aliyekumbuka lini alichaguliwa. Alikaa chini ya kibanda cha makuti, miguu ameinyoosha, kamba mapajani, akifunga vipande vya mwani kwa taitai, vile vikamba vyembamba, bila hata kuangalia vidole vyake. Shaame alichuchumaa mbele yake akamweleza yote.

Vidole vya Bi Time vilisimama.

"Yote?"

"Yote. Kaa anaonja ukoo, haonji tabia. Kwake yeye mwani wako na shuka ni ndugu."

"Ndugu yake mwenyewe huyo kaa! Mwani wangu umelala kwenye kamba, umefungwa, una adabu. Unafanana wapi na lile lijini?" Alitupa kamba. "Sema hapana."

"Nikisema hapana, watarudi kukata kipande kimoja kimoja mpaka kiama. Nakata huku, linaota kule. Nishalikata miezi minane, Time. Mwezi huu liko pana kuliko mwezi ule."

"Sina macho? Mwaka juzi nilikuwa napata pweza hapo hapo nilipovulia kandambili. Juzi nimekwenda mpaka mwambani nikarudi na ndoo ya maji." Aliokota kamba tena. "Lakini pweza ni kitoweo. Mwani ndio nyumba. Hawa wanawake wote unaowaona, ukiwang'olea mwani unawang'olea nyumba na watu ndani. Wewe una nini cha kupoteza? Sufuria lako moja na redio bovu?"

Neno lile lilimchoma, na alipochomwa Shaame alikuwa na dawa moja tu.

"Mimi nimefanya nini? Si wao? Si Idara? Ule mwaka wa joto, maji yalipochemka na mwani ukageuka mweupe kama pamba, nani alikuja na boti jeupe? Nani alikuja na mbegu iliyotengenezwa kwenye chupa, akasema hii haifi kwa joto? Mbegu ya joto! Haifi kweli, si unaiona haifi. Imejifunza kukaa bila kamba. Halafu leo wanakuja kuniuliza mimi, thibitisha chanzo. Wakajithibitishe wenyewe!"

"Haya, haya. Usinirushie mate."

"Wakubwa wa nchi hii wakinya, wanakuitia wewe uje unuse."

Wanawake wa kando walicheka. Bi Time hakucheka. Alikuwa akitazama bahari.

"Ule mwaka wa joto," alisema, "pakacha langu ndilo lililotangulia kwenye mlango wenu."

Ukwajuni mbegu ya mwani haiuzwi wala haikatazwi. Aliyeharibikiwa na shamba huchukua pakacha tupu akaliweka kizingitini kwa mwenzake, na haombi. Hata salamu husubiri. Mwenye nyumba akilijaza, yamekwisha. Akilirudisha tupu, wanasema kamba zake mwenyewe zitaoza kabla mwezi haujaandama. Hakuna aliyewahi kulirudisha tupu ili aone kama ni kweli.

"Nakumbuka," Shaame alisema, akaangalia pembeni.

"Dada alinijazia, na ugonjwa wake ule. Hajiwezi kitandani, lakini pakacha langu likajaa mpaka likafurika. Mungu amrehemu." Bi Time alivuta taitai kwa meno akaikata. "Sema hapana, shemeji. Kwa ajili yake."

Shaame aliondoka bila kuaga. Alikuwa na jambo kooni, na halikuwa la kusemwa chini ya kibanda kile.

*

Mtu wa Idara aliwasili alasiri, akakaa ofisini kwa sheha. Shaame alitegemea mtu wa tai na kitambi, apate wa kumfokea kwa raha yake. Akamkuta msichana mwembamba, suruali imelowa mpaka magotini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alijitambulisha: Dokta Nailat Mbarouk, mkuu wa kaa wa kanda ya mashariki.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nyinyi ndio mlioleta mbegu ya joto."

"Kaa kwanza, mzee."

"Nimekaa miaka saba. Nyinyi ndio mlioileta au si nyinyi?"

"Ni sisi," Dokta Nailat alisema.

Shaame alikuwa ameshajaza kifua kwa jibu la pili. Pumzi ikamkaa, haina pa kwenda. Katika maisha yake yote hajawahi kumsikia mtu wa serikali akisema "ni sisi".

"Idara haikuwa na jina hili wakati huo, lakini ni sisi. Kamba arubaini, kwa mwanamke mmoja, kwa majaribio ya misimu miwili. Kwa sharti shamba lizungushiwe nyavu na mbegu isitoke." Alifungua kioo chake chembamba akakigeuza upande wa Shaame. "Halafu msimu wa pili watafiti wakaona imeanza kushika mizizi mchangani. Ikatoka amri ing'olewe yote, ichomwe nchi kavu. Hii hapa amri yenyewe. Ililetwa kwa mkono."

Shaame hakusoma. Herufi alizijua kwa kuzipungia tu, kama majirani wa mtaa wa pili. Lakini chini ya maandishi palikuwa na alama ya kidole gumba, ya wino wa zambarau, yenye kovu linaloikata kati.

"Hiki ni kidole cha nani, mzee?"

Shaame alikikunja kidole chake ndani ya kiganja.

Alikumbuka kila kitu. Hakuwa amesahau hata siku moja, ila alikuwa amekipiga makofi ya maneno mengi mpaka kikanyamaza. Yule bwana mdogo aliyeleta barua alimsomea pale mlangoni, mara mbili, kwa heshima zake zote. Ing'olewe, ichomwe. Mize alikuwa ndani, tumbo limejaa maji, anauliza kwa sauti ya kuku mgonjwa, nani huyo? Shaame akasema, mtu amepotea njia. Na kizingitini, pembeni ya mguu wa yule bwana mdogo, lilikuwa limekaa pakacha tupu la Time.

Shamba la Mize peke yake ndilo lililokuwa zima upande wao wa pwani. Angelirudisha tupu vipi? Amwambie nani, serikali imekataa? Usiku wa kuamkia siku ya ile barua Mize alikuwa amemwambia: wakija wenzangu, wajazie. Akaenda akang'oa, si kwa kuchoma. Alimjazia Time. Kesho yake akajaza mengine mawili. Mapakacha yalikuwa yanapangana kizingitini kama viatu vya msibani, naye akiyajaza, akiyafunga nyuma ya baiskeli na kuwapelekea wenyewe majumbani. Mapakacha thelathini na moja. Mize akafa akiamini kafanya hisani, na Shaame akabaki anaitukana Idara kila kukicha.

"Mke wangu hakujua," alisema.

Dokta Nailat alifunga kioo. Hakusema "pole", na Shaame alimshukuru kimoyomoyo.

"Nisikilize, mzee. Mwani wa zamani na mbegu ya joto wamekaribiana mno, kaa hawezi kuwatenganisha. Ndiyo maana anataka kufyeka yote. Lakini wewe ukisema ni nani alipewa, na nani hakupewa, neno lako liko juu ya lake. Atasafisha hayo tu. Yaliyobaki yatabaki. Na shuka likikatwa kwenye mizizi yake, majani ya bahari yatapata nafasi."

"Na mimi?"

"Wewe utaandikwa kuwa ndiye uliyesambaza."

"Na nyinyi mtaandikwa wapi?"

"Fomu ina chanzo, tarehe na jina la msambazaji. Haina sehemu ya aliyeleta."

"Haina!"

"Haina, mzee."

"Kwa hiyo nikisema ukweli, wakubwa zako wananawa mikono, wanafuta kwa khanga ya marehemu. Wataita mkutano wa waandishi: tumemkamata, ni kizee kimoja Ukwajuni, hajui hata kusoma."

"Watafanya hivyo," Dokta Nailat alisema. "Sitakudanganya. Ukisema hapana, watafurahi vilevile, maana jambo litalala. Mimi ndiye nitakayeumia, na bahari." Alisimama, akakusanya vitu vyake, kisha akazungumza huku ameupa mgongo mlango. "Fomu ni yangu, naijaza mimi, ina visanduku vitatu. Lakini anayoyasema shahidi akiwa ameshika mmea ni kitu kingine. Hayo yanahifadhiwa neno kwa neno tangu yale ya kusini. Hata mkurugenzi hawezi kuyafuta. Na hakuna aliyeweka kikomo cha urefu."

*

Kesho yake maji yalitoka mapema. Wanawake walikuwa wameshaingia mashambani, wameinama kwenye kamba zao, khanga zimefungwa juu ya magoti. Shaame alipita katikati yao bila salamu mpaka shamba sitini na moja. Vigingi vya Mize vilikuwa bado vimesimama, vyeusi, na kati yake shuka limetanda kijani kibichi, zuri kwa macho, mtu angeweza kulitandika. Bi Time alikuwa shamba la tatu kutoka pale.

Aliinama akakamata fungu kwa mikono miwili.

"Shahidi, thibitisha chanzo. Jibu ndiyo au hapana."

"Andika," Shaame alisema. "Mwaka wa joto kubwa, Idara ilileta kamba arubaini za mbegu ya joto kwenye pwani hii, kwa boti jeupe. Hatukuwaomba. Walizileta wao."

"Tafadhali jibu ndiyo au hapana."

"Walisema watazungushia nyavu. Nyavu walizoleta zilikuwa mbovu, zilichanika kwa wimbi la kwanza, na tulipowapigia simu tulijibiwa mhusika yuko safarini. Andika. Mhusika mpaka leo hajarudi."

"Tafadhali jibu ndiyo au..."

"Naja, naja, mwana wa haramu wee, ngoja nifike!"

Wanawake walinyanyua vichwa. Sauti ya Shaame ilikuwa inasafiri juu ya maji.

"Halafu ikaja amri ing'olewe ichomwe. Niliipokea mimi. Kidole changu. Mize Faki hakuiona, hakuisikia, aliniuliza nikamdanganya. Mize Faki hakujua. Andika hilo mara mbili. Sikuchoma. Niligawa mimi, Shaame Kombo, kwa mikono hii, mapakacha thelathini na moja, na ninayajua yote yaliingia mlango gani. Haya. Sasa ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo!"

"Chanzo kimethibitishwa. Taja mashamba yaliyopokea."

Akataja. Alitaja kama mtu anayesoma dua, jina na namba ya shamba, na kila jina lilipotajwa mgongo mmoja ulinyooka kule majini. Mwashamba wa Kai, ishirini na mbili. Bimkubwa Khatib, mia na tatu. Alitaja thelathini. Lililobaki hakulitazama.

"Time Faki," alisema. "Sitini na nne."

Kaa kama kumi hivi, waliokuwa wametulia mchangani, waliwasha taa zao za njano.

Bi Time alikuja. Alitembea kwenye maji kwa hasira, hata maji yenyewe yakampisha. Shaame alijikaza kwa kofi. Hakupigwa kofi. Bi Time alikishika kisanduku pale pale kilipokuwa, kifuani kwa Shaame, akakivuta mdomoni mwake mpaka Shaame naye akainama.

"Andika na mimi," alisema. "Nilipopewa, niligawa. Mtumwa Haji, namba themanini. Mchanga Ali, themanini na moja. Na mama yake."

"Samahani. Anayeruhusiwa ni shahidi aliyesajiliwa."

"Yarudie," Bi Time alimwambia Shaame, kwa jino.

Shaame aliyarudia. Nyuma yake Bimkubwa Khatib alikuwa anakuja, na Mwashamba, na wengine nyuma yao, kila mmoja na majina yake mdomoni, wakitupiana lawama: wewe ulimpa yule, si mimi, nilimpa nusu, nusu ndiyo nini, pakacha lina nusu? Shaame aliyapokea majina yote akayasema mwenyewe, mmoja mmoja, mikono imekufa ganzi kwa kulishika lile jani. Yalipokwisha, yalikuwa mashamba hamsini na nane. Mia moja hamsini na manne yalibaki salama. Wenye nayo walisimama mbali, hawakuthubutu kushangilia.

"Ushahidi umepokelewa," kisanduku kilisema. Kaa wakaanza kutembea.

Bi Time aliwaona wakielekea shamba lake. Akakusanya khanga akawapita, mbio za mwanamke wa miaka hamsini kwenye maji ya mapaja, akafika kabla yao. Akakamata kigingi cha kwanza akaking'oa.

"La kwangu nitang'oa mimi," aliwaambia wale kaa. "Kaeni huko."

Kaa walisimama, labda kwa sababu mkono wa binadamu ulikuwa mbele yao, labda kwa sababu hawakuwa wamefundishwa jambo kama lile.

Shaame alimfuata. Alinyoosha mkono kwenye kigingi cha pili.

"Usiguse!"

Aliurudisha mkono. Bi Time aling'oa kigingi cha pili, akang'oa cha tatu, akitukana chini chini: ameitukana Idara, boti jeupe, mtu aliyevumbua joto, shemeji yake, baiskeli ya shemeji yake. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kamba nzima ilikuwa imelegea sasa, imejaa mwani wa miezi miwili, nzito kama maiti, na peke yake hakuweza kuiinua kutoka majini. Alijaribu mara moja. Akajaribu tena.

Kisha, bila kugeuka, alirusha ncha ya kamba nyuma yake, ikampiga Shaame tumboni.

"Vuta basi," alisema. "Umesimama hapo kama kigingi."